Koki za nje Raskazone: nilivyozikinga na chumvi

Sisi tunaokaa Raskazone, hapa Tanga mjini, bahari tunaipenda lakini vyuma vyetu haviipendi. Kusi ikivuma, kaskazi ikivuma, pepo zote mbili zimepita baharini kwanza, na zinachokuja nacho ni chumvi. Koki za uani ndizo zinazoteseka zaidi.

Nina koki tatu nje: ya bustani, ya kando ya simtanki na ya chini ya upenu wa jiko. Kilichonishangaza ni kwamba hiyo ya upenuni, iliyokingwa na jua na mvua, ndiyo iliyokuwa ikioza kabla ya wenzake. Fundi bomba mmoja, mzee wa Ngamiani, aliishika, akapitisha kidole chini ya shingo yake na kunionyesha unga mweupe. "Mwanangu, ile ya bustani inaoga kila masika. Hii haiogi." Chumvi ikitua pale haina wa kuiondoa, na kwa kuwa inavuta unyevu wa hewani, koki inashinda imeloa hata kiangazi.

Tangu hapo koki zangu zinaogeshwa. Uani pakioshwa, kila koki inamwagiwa maji baridi, inapanguswa kwa kitambaa hadi ikauke, halafu kile kijiti cha kuzungushia kinapakwa grisi kidogo sana. Ni kazi ya dakika chache na watoto wameizoea. Kama utachukua jambo moja tu hapa, chukua hili.

La pili ni koki yenyewe. Dukani zote zinang'aa kwa sababu zimepakwa kromu, na sumaku haisaidii kitu, maana haishiki brasi (mchanganyiko wa shaba na zinki) wala zinki. Mimi huomba kukwangua kidogo kwa tupa kwenye nyuzi za nyuma, zile zinazoingia kwenye bomba. Ikitoka njano, ni brasi, nanunua. Ikitoka kijivu na koki yenyewe ni nyepesi mkononi, ni zinki, nairudisha hata kama bei inavutia, kwa sababu hizo hukatika shingo siku ya kuzifungua na uzi wake ukabaki ndani ya ukuta. Kuutoa huo uzi ni balaa.

Bomba nalo linataka kuangaliwa. Koki ya brasi ikifungwa moja kwa moja kwenye bomba la chuma, maji ya chumvi yakakaa kwenye kiungo, chuma ndicho kinacholiwa. Nilibadilisha vipande vya nje vikawa vya plastiki, nikavipaka rangi nyeupe ya maji, kwani plastiki inayopigwa na jua la Tanga hukauka na kupasuka.

Valvu, yaani kifungio cha maji kwenye bomba, nilimuiga dada yangu anayeishi Minnesota, Marekani. Huko adui ni barafu: maji yakiganda yanatanuka kwa kama asilimia 9, na bomba linapasuka. Kwa hiyo kabla ya baridi kuingia anachomoa mpira wa maji, anafunga valvu iliyo ndani ya nyumba, anafungua koki ya nje maji yamwagike yote, kisha anaivisha kifuniko cha sponji. Kifuniko sikukitaka. Kwa hali ya hewa yetu kingefungia unyevu na chumvi humo humo. Lakini valvu ya ndani, moja kwa kila koki, nilimwambia fundi aziweke mara moja.

Juzi washa (kile kipira cha ndani cha kuzuia maji) ya koki ya upenuni imechoka, ikaanza kudondosha. Nikafunga valvu yake na kuibadilisha huku jikoni wanaendelea kuosha vyombo. Nilipoifungua koki niliikagua vizuri, maana brasi iliyoliwa hugeuka wekundu-wekundu, zinki ikiwa imetoka na kuacha shaba peke yake. Yangu ilikuwa njano mpaka ndani ya nyuzi.