Siku Moja Mutrah: Nilivyoyatumia Masaa ya Kusubiri Ndege Maskati

Nilipokata tiketi ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kuala Lumpur kupitia Maskati, bei ya chini kabisa ilikuwa na sharti lake: ndege ya kwanza ingetua alfajiri, na ya pili isingeondoka hadi saa nne usiku. Wakala alinishauri niongeze fedha kidogo nipate ndege inayounganisha haraka. Nilikataa, kwa kuwa tangu utotoni nimekuwa nikisikia habari za Maskati na Mutrah kutoka kwa majirani wenye ndugu huko, na nilijua kwamba nikipita hewani tu nisingepata tena sababu ya kurudi.

Kazi kubwa ya siku kama hiyo hufanyika kabla ya safari. Viza niliiomba mtandaoni mapema, kwenye tovuti ya Polisi ya Kifalme ya Oman, ambayo ndiyo inayoshughulikia uhamiaji, nikachapisha nakala ya karatasi kwa tahadhari. Kaunta ya Dar es Salaam nilihakikisha kwamba sanduku langu linasajiliwa moja kwa moja hadi mwisho wa safari na kwamba nakabidhiwa pasi zote mbili za kupandia ndege, nikabaki na begi jepesi la mgongoni lenye maji, kofia ya jua na shati la kubadilisha. Saa ya mkononi niliisogeza mbele kwa saa moja kabla hata ya kushuka, kwa sababu Oman imetutangulia kwa kiasi hicho. Kisha nilipiga hesabu kwa kurudi nyuma: ndege inaondoka saa nne, kwa hiyo saa moja usiku lazima niwe uwanjani, na saa kumi na mbili kasoro jioni niwe nimeshaanza safari ya kurudi, maana barabara ya Sultan Qaboos hujaa magari watu wanapotoka kazini.

Maskati ya leo si mji wa kuumaliza kwa siku moja. Umejinyoosha makumi ya kilomita kati ya milima na bahari, mtaa mmoja mbali na mwingine, na mgeni anayetaka kuona kila kitu huishia kuuona kupitia dirisha la teksi. Kwa hiyo niliamua kuuacha hata Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001 na ambao uko njiani kabisa, nikachagua pembe moja tu: Mutrah, yaani bandari ya kale, pamoja na Maskati ya zamani iliyo kilomita chache mbele yake. Kutoka uwanjani ni zaidi ya kilomita 30. Asubuhi nilikuwa na muda wa kutosha, nikapanda basi la Mwasalat hadi Ruwi na kubadilisha pale kwa basi jingine la kwenda Mutrah, kwa sehemu ndogo tu ya bei ya teksi. Fedha nilibadilisha kidogo sana, kwa sababu riali moja ya Oman ina thamani ya zaidi ya dola mbili na nusu za Marekani na haiishi haraka kwa mtu anayetembea kwa miguu.

Nilianzia soko la samaki, kwa kuwa soko la samaki halimsubiri mtu. Jengo lenyewe ni jipya, lilibuniwa na kampuni ya Snøhetta ya Norwe na kufunguliwa mwaka 2017, lakini yanayoendelea ndani yangemfanya mtu wa Feri, Dar es Salaam, ajione yuko nyumbani: nguru na jodari wamelazwa juu ya barafu, wapasuaji wanakaa upande wao na visu vyao, na mnunuzi anafunua shavu la samaki kwa kidole kabla ya kutaja bei. Kutoka hapo nilifuata barabara ya ufukweni hadi lango la soko kuu la Mutrah. Vichochoro vyake vimeezekwa juu, vinapinda na kupanda, na harufu ya ubani wa Dhofar, jimbo la kusini mwa Oman, inamfikia mtu kabla hajaliona duka. Karibu na lango biashara ni ya watalii, na shali zinazoning'inia pale zimetoka mbali kuliko mimi. Ukizama ndani zaidi, unakuta wenyeji wakinunua vitambaa, dhahabu, majambia na viungo.

Nilikuwa kwenye duka la kofia, nikiongea kwa simu na mke wangu, nilipogundua kwamba mzee mmoja aliyevaa kanzu nyeupe ananitazama huku akitabasamu. Nilipokata simu, akaniuliza kwa Kiswahili safi cha Unguja, "Watoka Bara au Visiwani?" Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na akaniambia kwamba amezaliwa Malindi, mjini Unguja, na amekuja Oman akiwa kijana katika miaka ya sabini, wakati Sultan Qaboos alipokuwa akiwaita Waomani wa ng'ambo warejee kuijenga nchi. Alinikuta nimeshika kofia mbili zinazofanana, moja ikiwa na bei mara kadhaa ya nyingine, nami nikiwa sioni tofauti.

"Usiangalie nje, mwanangu. Nje kila mtu anajua kupamba. Igeuze ndani."

Nikaigeuza. Ile ya bei nafuu ilikuwa na nyuzi ndefu zilizoruka kutoka ua moja hadi jingine, kazi ya cherehani. Ile ya pili ilikuwa safi ndani karibu sawa na nje, na mzee alipoiinua kwenye taa ya duka, viua vyote vikapitisha mwanga, kila kitundu kimezungushiwa uzi wake, vingine vikubwa kidogo na vingine vidogo, kwa kuwa mkono wa mtu haupimi kwa rula. Aliniambia kwamba mama yake alishona kofia za aina hiyo Unguja kwa miezi mizima hadi kuimaliza moja. Mwenye duka, Mhindi ambaye hakuwa akielewa neno hata moja, alikuwa ameshaelewa kwamba bei inashuka. Nilinunua hiyo ya mkono. Marashi ya waridi ya milima ya Jabal Akhdar niliyaacha kwa shingo upande, maana chupa zilizokuwapo zilizidi mililita 100 na begi langu lilikuwa la kuingia nalo ndani ya ndege.

Adhuhuri maduka mengi hufungwa, na hapo ndipo mgeni asiye na mpango hubaki akizurura juani. Mimi nilikuwa nimeyatengea masaa hayo Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 2016 mkabala na kasri la Al Alam katika Maskati ya zamani. Humo ndani ni baridi, na historia yetu imo pia. Wareno waliuteka mji huu mwaka 1507 na kufukuzwa na Waomani mwaka 1650. Waomani hao hao waliwafuata hadi pwani yetu na kuitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Nilipotoka nje na kuziona ngome za Jalali na Mirani zimekaa juu ya miamba pande mbili za ghuba, nilielewa kwa nini: ni mkono ule ule wa Kireno uliozijenga kama ulivyoijenga ile ya Mombasa, na bahari ile ile. Kutoka ghuba hii ndogo, ambayo mtu anaweza kuitazama yote kwa kugeuza shingo, Seyyid Said bin Sultan alitawala hadi Unguja, akahamia huko kabisa, na baada ya kifo chake mwaka 1856 wanawe wakagombania urithi hadi milki ikagawanywa mwaka 1861. Mji wenyewe ulikuwa na malango yaliyofungwa masaa matatu baada ya jua kutua, na aliyetembea baada ya hapo alipaswa kubeba taa. Utaratibu huo uliendelea hadi mwaka 1970.

Jua lilipopoa nilirudi Mutrah kwa miguu kando ya bahari, mwendo wa polepole, nikipita chini ya chetezo kikubwa cheupe cha Riyam kilichojengwa juu ya kilima. Desemba inaruhusu matembezi hayo. Anayepita huko kati ya Mei na Septemba afadhali apande basi. Mbele ya mtaa wa jamii ya Lawatia, wenye ukuta na lango lake na nyumba za roshani zinazotazama bandari, niliishia nje kama inavyompasa asiye mkazi, nikanywa chai ya maziwa nikitazama majahazi.

Kurudi nilichukua teksi kwa kutumia programu ya simu, ili bei ijulikane kabla. Foleni ilikuwa ndefu kama nilivyotarajia, na niliufikia uwanja dakika chache baada ya saa moja. Kwa kuwa pasi ya kupandia ndege nilikuwa nayo tangu Dar es Salaam, sikuhitaji kaunta. Nilikwenda moja kwa moja uhamiaji, nikapita ukaguzi, nikabadilisha shati na kula wali na samaki bila haraka.