Mkono nyuma ya sikio

Usiku wangu wa kwanza kupiga kinanda peke yangu mgahawani nilipiga vizuri. Vidole vilikuwa vyepesi, nyimbo nilizijua, na ngoma na besi za ndani ya kinanda nilikuwa nimeziwasha ili nisikike kama bendi nzima. Meza ya karibu na spika walikaa mama mmoja na kijana, nadhani mwanawe. Kwenye wimbo wa tatu nikamwona yule mama ameinama, kiganja nyuma ya sikio. Kijana akarudia alichosema. Mama akatikisa kichwa. Kijana akarudia tena kwa kupaza sauti, kisha akaacha, akatoa simu. Wale wawili walitoka kwao ili waje wazungumze, na mimi nikawakatiza.

Meneja hakuwa na neno. Alinilipa, akasema, "Dada, Ijumaa usikose." Ila mkono ule nililala nao, nikaamka nao.

Tangu hapo jambo la kwanza nikifika mahali ni kutembea. Nawahi kabla ya wageni, napiga wimbo wa dakika mbili huku kinanda kinarekodi, halafu nakiacha kijipige chenyewe nami nazunguka meza kwa meza. Nakaa kila kiti kilicho karibu na spika, nasema maneno machache kwa sauti ya kawaida, nasikiliza kama mtu wa upande wa pili angenipata. Spika siiweki pembeni kabisa, kwenye kona, maana kona huvimbisha besi mpaka meza za jirani zinatetemeka. Wala siielekezi kwenye sikio la mtu. Chumba kikijaa watu muziki utamezwa kidogo na nguo na miili yao, na hilo nalijua, lakini siongezi kwa kubahatisha.

Kuongeza ndiko kunakoharibu kazi hii. Daktari mmoja wa Ufaransa, Étienne Lombard, alieleza mwaka 1911 kwamba mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kujijua. Mgahawani nimeliona hilo kwa macho yangu mara nyingi. Mimi napandisha kidogo, meza ya kwanza wanapaza, meza ya pili wanapaza ili wasizidiwe na ya kwanza, mimi sijisikii tena, napandisha. Baada ya nusu saa kila mtu anapiga kelele na hakuna anayejua nani alianza. Kwa hiyo chumba kikipanda, mimi nashuka. Inataka moyo, maana kwa dakika kadhaa unajiona kama umepotea kabisa. Mara nyingi chumba hunifuata chini, taratibu, meza moja moja.

Halafu kuna suala la kupiga wapi kwenye kinanda. Kinachomwezesha mtu kutofautisha neno na neno ni konsonanti, zile s, t, f na k, na nguvu yao kubwa iko juu, kuanzia kama hezi (mitetemo kwa sekunde) 2000 hadi 4000 na zaidi. C ya katikati ya kinanda ni kama hezi 262. Ukipanda oktavo tatu, yaani hadi C ya tatu juu yake, uko hezi 2093, umeingia mlemle ndani ya maneno ya watu. Sauti kali ya piano inafika huko hata ukipiga chini, kwa sababu kila noti hubeba noti nyingine juu yake. Ndiyo maana nachagua piano laini, napunguza ukali, na mkono wa kulia haupendi kwenda mbali. Mkono wa kushoto nao nimeufundisha kunyamaza. Katika kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, noti ya tatu na ya saba kutoka ile ya msingi zinatosha. Anayesikiliza anajua tuko wapi, asiyesikiliza hasumbuliwi. Mwanzoni niliona kama napiga wimbo uliovuliwa nguo. Siku hizi naona ndipo melodia inapopumua.

Ngoma za mashine sijawasha tena. Mashine haimsubiri mtu. Glasi ikivunjika, nikiwa peke yangu naweza kushika kodi kwa pedali, nikakaa hapo mpaka mshtuko upite na mhudumu ameinama na ufagio wake, ndipo niendelee kana kwamba wimbo uliandikwa hivyo. Meza ikianza kumwimbia mtu wa siku yake ya kuzaliwa, huanzia popote koo lilipowaangukia. Naitafuta sauti yao kwa noti moja, polepole, nikiipata naingia chini yao. Hapo huwa nafurahi sana.

Kuna mahali niliambiwa nipige kwa nguvu ili wanaopita nje wasikie. Nilipiga majuma mawili nikaaga.

Paris mwaka 1920, mtunzi Erik Satie alipigisha muziki wakati wa mapumziko ya mchezo wa jukwaani. Aliuita muziki wa samani, na watazamaji waliombwa waendelee na mambo yao. Waliposikia unaanza wakarudi kwenye viti wakatulia, naye akawa anazunguka akiwasihi wazungumze. Nampenda mtu huyu kwa hilo. Ila neno lake la samani silikubali. Kiti hakijui nani amekikalia. Mimi najua meza ya dirishani wamenuna tangu walipoingia, najua yule mzee wa peke yake ametazama mlango mara nne, na ninachopiga kinatoka hapo. Walionuna nawapa wimbo usio na haraka, wenye nafasi katikati ya mistari, ili mmoja wao akitaka kuanza kusema apate pa kuanzia.

Juzi nilikuwa nazungusha nyaya, viti vimeshapandishwa juu ya meza. Mhudumu mmoja alikuwa anafuta kaunta. Kijana huyu tumefanya naye kazi mwezi mzima na hajawahi kugeuza shingo upande wangu. Ana trei, ana hesabu, ana wageni wake. Alikuwa anaimba kwa pua. Ilikuwa melodia yangu mwenyewe, isiyo na jina, ninayoifungulia usiku saa meza zikiwa bado tupu. Kinanda kilikuwa bado hakijazimwa. Nikagusa F, polepole. Alikuwa kwenye F ileile ninayoipigia, na aliendelea kufuta.