Nilivyochagua kisiwa kwa kuanza na upepo

Picha za visiwa vya joto hazina mwezi. Ufungue ya Maldivi, ya Morisi au ya Karibi, bahari ni ileile ya bluu, imetulia, mnazi umeinama, hakuna wingu. Mimi likizo yangu ni Agosti, nipende nisipende, kwa hiyo picha niliziweka kando nikaanza na swali moja: Agosti upepo unatoka wapi, na unapiga upande gani wa kisiwa?

Nilikuwa nasafiri na dada yangu na mwanawe wa miaka sita. Masharti ya dada yalikuwa mafupi. "Mdogo wangu, boti mimi sipandi, nakwambia mapema. Na mtoto aogelee mahali ninapomwona." Mimi nami nilikuwa na langu: nivae miwani ya majini nikaangalie samaki. Masharti hayo matatu, ukiyaunganisha na mwezi, yanafuta visiwa vingi kwa haraka ya ajabu.

Karibi iliondoka ya kwanza. Msimu wa tufani kule ni Juni hadi Novemba, na Agosti ndipo unapopamba moto. Aruba, Bonaire na Curaçao viko kusini kiasi kwamba tufani kwa kawaida huvipita kwa mbali, lakini safari yenyewe ni ndefu mno kwa mtoto asiyekaa kitini. La Réunion nayo ina milima na volkano ya kupendeza, ila tangu mashambulizi ya papa yalipoongezeka mwaka 2011 kuogelea kumewekewa mipaka mikali. Unaogelea ndani ya wangwa uliokingwa na mwamba au mahali palipowekewa ulinzi. Kwa mpanda milima ni chaguo zuri sana. Kwetu hapana.

Morisi ilinisumbua zaidi, kwa kuwa ina kila kitu: barabara nzuri, mwamba wa matumbawe unaozunguka karibu kisiwa chote, na maji yaliyotulia ndani yake. Lakini Agosti kule ni majira ya baridi. Pwani ya mashariki inapigwa na upepo, na joto la bahari hushuka hadi kama nyuzi 23. Mtu mzima atavumilia; mtoto atatoka anatetemeka baada ya dakika kumi, halafu siku nzima ni kumbembeleza arudi.

Maldivi nilitamani, sikatai. Agosti ni msimu wa upepo wa kusini-magharibi, mvua zinakuja kwa vishindo kisha jua linarudi. Ajabu ni kwamba upepo huohuo wanaoukimbia wengi ndio unaokusanya chakula cha samaki aina ya taa wakubwa kwenye ghuba ya Hanifaru, katika atoli ya Baa, hivyo anayetaka kuwaona hao ni lazima aende majira hayo ya mvua. Tatizo letu lilikuwa usafiri. Ukishatua Malé, kisiwa chako unakifikia kwa boti ya kasi au kwa ndege ndogo inayotua majini, na ndege hizo huruka mchana tu. Ukiwasili jioni, unalala karibu na uwanja hadi asubuhi. Dada aliposikia neno boti alifunga mjadala.

Vikabaki viwili: Unguja na Mahé ya Shelisheli.

Unguja kwa Agosti ni safi kabisa. Masika yameshapita, hewa imepoa, mvua ni chache. Kitu cha kuangalia kule ni kupwa na kujaa kuliko mvua. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya maji hufika karibu mita nne, na pwani ya mashariki, kama Paje na Jambiani, bahari hurudi nyuma mamia ya mita. Nilifungua jedwali la maji la tarehe zetu, nikakuta mwezi mpevu umeangukia katikati ya likizo. Siku za bamvua maji hupwa saa nne, saa tano asubuhi, yaani saa ileile mtoto ameshakunywa chai na anadai bahari. Nungwi na Kendwa, huko kaskazini, hazina shida hiyo. Unaogelea hata maji yakiwa yamepwa, na kusi haiwafikii sana. Nilikaribia kulipia. Kilichonirudisha ni samaki: mahali nilipotaka kupiga mbizi ni Mnemba, na Mnemba hufiki kwa miguu.

Mahé ndiyo iliyotimiza yote matatu. Ni kisiwa cha matale makubwa, urefu kama kilomita 27, na katikati kuna milima inayofika mita 905 pale Morne Seychellois. Milima hiyo ndiyo siri yenyewe. Kuanzia Mei hadi Oktoba upepo unatoka kusini-mashariki, unaigonga milima, na Beau Vallon iliyoko kaskazini-magharibi inabaki imekingwa kama mtu aliyejibanza nyuma ya ukuta. Kutoka hapo, Port Launay, ambako kuna hifadhi ya bahari, unafika kwa barabara. Unashuka kwenye gari, unavaa miwani, unaingia majini. Hakuna boti.

Mahali pa kulala nilipatafuta kwa kusoma maoni ya wageni wa Julai na Agosti tu. Ya Januari niliyaruka yote, hata yaliyosifu. Kisha nikawaandikia wenye nyumba swali moja: Agosti mwani unafika mbele yenu? Mmoja wa pwani ya mashariki alijibu "kidogo, inategemea." Mwingine wa Beau Vallon alinitumia picha aliyopiga asubuhi hiyohiyo, mchanga mtupu, na mbwa amelala. Nikamlipa huyo. Shelisheli haikudai viza, ila idhini ya kusafiri unaiomba mtandaoni kabla ya kupanda ndege. Tuliishughulikia mapema ikaisha.

Siku moja tuliamua kuvuka kwenda Anse Royale, upande wa kusini-mashariki, nione kama hesabu zangu zilikuwa za kweli au nilijipa moyo tu. Mwani ulikuwa umelundikana ufukweni hadi usawa wa goti, wa kahawia, unanuka. Maji yamevurugika, mawimbi mafupi yanafukuzana, upepo unavuta kofia. Mpwa wangu akanitazama. "Mjomba, hii bahari imeharibika?" Dada akacheka hadi akakaa chini. Jua lilikuwa bado liko juu tuliporudi Beau Vallon, na maji yalikuwa laini kiasi kwamba mtoto aliona vidole vyake vya miguu. Kisiwa kimoja, mchana mmoja.

Praslin, kisiwa jirani, tulikwenda kwa ndege, kama dakika 15 angani, kwa sababu boti ya kwenda huko majira ya kusi hurusha watu hasa. Vallée de Mai, msitu wa minazi ya koko-de-mer ulioko huko, ilistahili. Mpwa aliruhusiwa kujaribu kuinua mbegu yake, ambayo huweza kufika kilo 25, akashindwa, akadai imefungwa kwa gundi.

Dada sasa anataka likizo yake ya Februari. Nimeshamwambia mwezi huo Beau Vallon tuiache, maana upepo unageuka, unatoka kaskazini-magharibi na kuipiga usoni. Kama ni Mahé, tukae hukohuko Anse Royale. Mimi moyo wangu uko Mafia, kwa kuwa papa potwe wanaonekana kuanzia Oktoba hadi karibu Machi. Ila potwe unamwona ukiwa kwenye boti, na mazungumzo hayo na dada sijayaanza.