Picha sita za paspoti

Nina picha sita za paspoti kwenye bahasha, ya kwanza ya darasa la saba. Ukizipanga mezani unaona kitu ambacho kioo hakikuniambia, maana kioo unajiangalia kila siku: shavu la kushoto linabonyea mdogo mdogo.

Ilianza na kimstari cheusi kwenye paji la uso, kama mtu kakupitishia kisu. Kumbe madaktari nao wanakiita hivyohivyo, kwa Kifaransa, pigo la upanga. Bibi akasema nimerogwa, jirani akasema stroki, duka la dawa wakanipa tyubu ya fangasi nikapaka miezi mitatu. Stroki gani jamani wakati nacheka vizuri, napiga mluzi, jicho linafumba! Stroki inakuja ghafla mdomo unaenda upande, hii yangu nyama ndo inaisha, mafuta ya chini ya ngozi, misuli, na ukianza mdogo hata mfupa wa taya. Mpaka ulimi, nikiutoa nusu ya kushoto ni nyembamba, wadogo zangu walikuwa wananiomba niutoe waangalie kama sinema.

Jina nimelijua nina miaka 19: Parry-Romberg. Parry alikuwa daktari wa Bath, Uingereza, maandishi yake yalitoka 1825 akiwa keshafariki, Romberg wa Berlin akafuata 1846, na mpaka leo chanzo hakijulikani, ila wengi wanashuku kinga ya mwili inajishambulia yenyewe. Haiambukizi. Inatupata zaidi sisi wanawake, mara nyingi inaanza kabla ya miaka 20, inakula miaka kadhaa halafu inasimama yenyewe. Wengine wanapata na kifafa, ndo maana nilipigwa MRI, picha ya ndani ya kichwa.

Nameza methotrexate, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, mara moja kwa wiki, Ijumaa usiku, ili kichefuchefu kinikute Jumamosi niko kitandani. Kuna upasuaji wa kuchota mafuta tumboni wakajaza shavuni, ila daktari kagoma mpaka ugonjwa utulie, kwa hiyo kila miezi sita napiga picha analinganisha.

Juzi nimeenda kwa yule kaka wa studio ya mtaani. "Dada geukia kulia kidogo, itakaa poa." Nikamwambia hapana kaka, piga kama ilivyo. Kapiga. Kufika kwenye kompyuta mauzi ikaenda yenyewe kwenye shavu, anataka kulijaza, nikamshika mkono. Akacheka, akaprinti.

Hiyo ya saba.