Wageni mia mbili wa Absalomu

Somo la juma: 2 Samweli 15:1–12

Bwana asifiwe, wapendwa.

Juma hili nawaomba tumsome Absalomu, mwana wa Mfalme Daudi aliyemwasi baba yake, na tumsome polepole, maana wengi wetu tunamkumbuka kwa nywele zake na ule mwaloni tu. Mwaloni unakuja mwishoni. Kabla yake kuna lango la mji, na kabla ya vita kuna kampeni.

Anaanza kwa kujipatia gari na farasi, na watu 50 wa kupiga mbio mbele yake. Kisha anaamka mapema, anasimama kando ya njia ya lango, pale wenye kesi wanapopita kwenda kwa mfalme. Anamwita mmoja mmoja: wewe watoka mji gani? Anasikiliza. Anasema kesi yako ni ya haki kabisa, ila huko mbele hakuna wa kukusikiliza. Laiti ningewekwa mimi niwe mwamuzi. Mtu akitaka kumsujudia, yeye anaunyosha mkono, anamshika, anambusu. Ambaye haoni kampeni hapo hajawahi kupita sokoni mwezi wa Julai wa mwaka wa uchaguzi. Lakini hadi hapo sina ugomvi mkubwa naye. Mwanasiasa kuamkua watu ndiyo kazi yake.

Kilichonishika ni aya ya saba. Absalomu anakwenda kwa baba yake na kuomba ruhusa aende Hebroni akaiondoe nadhiri aliyomwekea Bwana alipokuwa uhamishoni Geshuri. Hebroni si mahali pa kubahatisha. Ndiko alikozaliwa, na ndiko baba yake alikopakwa mafuta awe mfalme. Kila kitu kimepangwa, na wapelelezi wameshatumwa katika makabila yote wakingoja sauti ya baragumu. Kilichokosekana ni kisingizio kimoja ambacho hakuna mcha Mungu anayeweza kukikatalia, naye akakipata: nadhiri. Daudi angekataaje? Akamwambia, enenda kwa amani. Ni neno la mwisho tunalomsikia Daudi akimwambia mwanawe.

Halafu aya ya 11. Watu mia mbili walitoka Yerusalemu pamoja naye, wamealikwa, wakaenda katika unyofu wao, wala hawakujua neno lolote. Hawakuwa wasaliti. Walikwenda ibadani, pengine wakiwa wamevaa nguo zao nzuri. Walipofika, dhabihu zilikuwa zinatolewa kwelikweli, moshi unapanda, na kwa yeyote aliyetazama kutoka mbali, watu mia mbili waheshimiwa wa Yerusalemu walikuwa wamesimama upande wa Absalomu. Kuwapo kwao kulitosha. Hakuhitaji hata kuwaomba kura.

Nimesoma mahubiri mengi juu ya Absalomu, na juu ya Ahithofeli pia, yule mshauri wa Daudi aliyemfuata. Juu ya hawa mia mbili sijasoma hata moja, nami nashuku ni kwa sababu wanafanana nasi mno.

Hapa kwetu Kenya tumealikwa Hebroni mara nyingi. Mwaka 2011, baada ya majina ya washukiwa wa ghasia za uchaguzi wa 2007 kutajwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, tulihudhuria mikutano ya maombi iliyoanza kwa pambio na kumalizikia kwenye siasa, na wawili kati ya waliotajwa, Uhuru Kenyatta na William Ruto, wakachaguliwa rais na naibu wake mwaka 2013. Mwaka 2017 upande wa pili nao ulikuwa na Biblia yake: muungano wa NASA uliahidi kutuvusha hadi Kanaani, na marehemu Raila Odinga ndiye aliyekuwa Yoshua wetu. Mwaka 2022 sikumbuki mgombea aliyekosa kiti cha mbele kanisani. Ndugu zetu Waislamu nao wanaijua hali hii. Ramadhani ikiangukia karibu na uchaguzi, kanzu na kofia huonekana kwenye futari juu ya watu ambao mwaka uliotangulia hawakuonekana hata kwenye mazishi. Kwa hiyo anayetaka kutumia tafakari hii kumpiga kiongozi asiyempenda, ajue kwamba wake naye yumo.

Sasa niwaambie yangu.

Mei 2022 kanisa letu lilifanya harambee ya paa. Mimi ndiye katibu wa kamati ya ujenzi, na barua ya kumwalika mheshimiwa mmoja aliyekuwa akitafuta kiti niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu, nikaweka na aya mbili za Nehemia. Ibada yetu ya saa nne ilingoja hadi saa sita kasorobo. Viti viwili vya sofa vilibebwa kutoka sebuleni kwa mzee mmoja wa kanisa, vikatandikwa vitambaa vya kushonwa, vikawekwa mbele ya safu ya kwanza. Shosho mmoja, bibi mjane, ambaye hukaa safu hiyo kwa kuwa masikio yake yamechoka, aliombwa kwa upole ahamie nyuma. Niliona. Yakobo 2 tunaijua kwa kichwa: keti wewe hapa mahali pazuri, na wewe simama pale. Siku ile haikunijia hata neno moja.

Shosho alikuwa amekuja na jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Ilikuwa sadaka ya shukrani. Desturi yetu ni kwamba mwenye sadaka ya namna hiyo husimama, akasema maneno mawili matatu Mungu alichomtendea, kisha akaiweka mbele. Aliposimama, mshereheshaji alikwisha kumpokonya jogoo. "Elfu moja! Elfu mbili! Nani ataliaibisha kanisa?" Mheshimiwa akainua mkono: elfu 20. Vigelegele, makofi, kinanda kikapigwa. Jogoo akarudishwa kanisani ili anadiwe tena, nasi tukacheka sana. Shosho alikuwa bado amesimama pale kwenye ujia, mikono mbele kama mtu aliyeshika kitu.

Jioni nilijaza daftari la sadaka. Mstari ule bado upo, nimeutazama tena juma hili: "Jogoo – Mhe. – 20,000." Shukrani ya mjane niliiandika kwa jina la mgombea, kwa kalamu yangu, bila kusita. Na hizo elfu 20, mkitaka kujua, zilikuwa ahadi. Kura za Agosti alizikosa, na tangu hapo simu yake haipatikani.

Ninayaeleza haya kwa sababu tukizungumzia dini na kampeni, vidole vyote huelekea kwa mwanasiasa. Anatumia madhabahu, anatumia jina la Mungu. Ni kweli, anatumia. Lakini kwetu hakuruka ua. Alikuja na barua yenye mhuri wa kanisa.

Wapo waliojaribu kufunga mlango huo. Septemba 2021, huko Butere, Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana la Kenya alikataa kuwapa wanasiasa nafasi ya kuzungumza, nao walikuwapo wakubwa siku hiyo. Kuabudu na waje, mimbari si yao. Nilifurahi niliposikia. Na miezi minane baadaye nikaandika barua yangu.

Kisha vijana wakatuamsha. Walianza kwa kumwita Rais Ruto "Zakayo", yule mtoza ushuru wa Injili, kwa ajili ya kodi, na "Zakayo, shuka" ikawa wimbo wa barabarani. Kejeli, naam, ila hata mimi niliyelelewa kanisani nilirudi kuisoma Luka 19, nikaona jambo ambalo nilikuwa nimelipita. Zakayo alipookoka hakwenda kuchangia sinagogi. Alisema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemdhulumu anamrudishia mara nne. Fedha ilirudi kwa wenyewe. Juni 2024, maandamano ya kupinga Muswada wa Fedha yalipopamba moto, vijana wakayageukia makanisa pia: mnapokea nini, kutoka kwa nani, nanyi mkishapokea mnanyamazia nini? Tarehe 5 Julai mwaka huo rais akatangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena harambee.

Tarehe 17 Novemba 2024 rais alikuwa kanisani Soweto, Nairobi, na michango ikatolewa. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo wa jimbo kuu Katoliki la Nairobi akatoa taarifa ambayo mimi niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Shilingi 600,000 za kwaya na kundi jingine la parokia, zirudishwe. Milioni 2 za nyumba ya mapadri, zirudishwe. Milioni 3 zaidi zilizoahidiwa, pamoja na basi la parokia, hazitapokewa. Hata 200,000 za Gavana Sakaja wa Nairobi, zirudishwe.

Nadhani wengi waliona fedha tu. Mimi niliiona kwaya. Niliwafikiria wanakwaya wa Soweto, ambao huenda walikuwa wameshapanga kushona sare mpya, wakiambiwa zile zinarudi. Kurudisha kunauma, na anayehubiri juu yake bila kuutaja uchungu huo hajawahi kuwa mweka hazina wa kanisa linalovuja. Nasi hatujakubaliana bado kama taifa la waumini: Machi 2025 kanisa moja la Roysambu, Nairobi, lilipewa na rais ahadi ya milioni 20, na Jumapili iliyofuata vijana wakaja kuandamana, kukawa na vitoa machozi karibu na nyumba ya ibada.

Abramu alipita hapo kabla yetu. Mwanzo 14, ametoka vitani, amewaokoa watu wa Sodoma na mali yao, na mfalme wa Sodoma anamwambia nipe watu, mali chukua wewe. Kwa desturi za vita ilikuwa haki yake. Abramu anainua mkono: hatatwaa uzi wala gidamu ya kiatu, "usije ukasema, Nimemtajirisha Abramu." Gidamu ni ule ukanda wa ndara. Kitu kidogo mno hata ungeona aibu kukikataa mbele za watu. Abramu aliona mbali: si thamani ya kile kitu, ni sentensi itakayosemwa baadaye. Mwanasiasa anapotoa elfu 20 kanisani, hanunui jogoo. Ananunua hiyo sentensi, nasi tunaiuza rahisi.

Mazungumzo yale yalifanyika katika bonde la Shawe, ndilo Bonde la Mfalme. Jina hilo linarudi mbele, 2 Samweli 18:18. Absalomu, angali hai, alijisimamishia nguzo ili jina lake likumbukwe, akaiita kwa jina lake mwenyewe, naye aliisimamisha katika Bonde la Mfalme. Pale pale babu yao alipokataa uzi.

Nasi tuna nguzo yetu. Kabla ya ile harambee tulimchongesha fundi bamba la marumaru lenye jina la mheshimiwa na tarehe, ili alifunue kwa kitambaa chekundu. Tulilipa shilingi 8,500 kutoka mfuko wa paa. Mwaka jana kasisi aliagiza ling'olewe ukutani. Lipo jikoni, limelazwa kifudifudi, na wamama huweka juu yake sufuria ya chai ikitoka motoni. Linafaa sana kwa kazi hiyo, haliungui.

Paa, upande wa kwaya, bado linavuja. Tunahitaji mabati 140, tunayo 62. Uchaguzi ni Agosti 2027, na tayari kwenye kamati imetajwa orodha ya "marafiki wa kanisa" wa kualikwa, nami nimeombwa niandae barua. Tulibishana hadi saa mbili usiku. Mzee mmoja, mtu mwema kabisa, alisema mvua haiulizi mabati yametoka kwa nani, na sikuwa na jibu la haraka. Nililomwambia ni kwamba waje wote, wakae popote watakapopata nafasi, watoe kwenye kapu kama sisi bila kutajwa, na mwenye kuona hilo halimtoshi tutakuwa tumemjua. Kura zilikuwa sita kwa tano. Sisemi upande gani ulishinda, maana tunakutana tena Jumamosi, na watu hubadilika.

Jumatano nilikwenda kwa Shosho. Nilimkuta akichambua maharagwe kwenye ungo. Nikamwomba radhi kwa ile Jumapili, akanitazama kama asiyeelewa, ikabidi nirudie kwa sauti. Nikamwuliza kama anakumbuka siku ile alitaka kumshukuru Mungu kwa lipi, ili nilisahihishe daftari.

Akasogeza ungo, akanivutia kigoda. "Keti, mwanangu," akasema. "Si maneno ya kusimama."