Kiraka cha str_contains kwenye PHP 7.4

Wakati fulani nilipewa kazi ya kuongeza kisanduku cha utafutaji kwenye tovuti ya duka la dawa, ili mteja aandike sehemu ya jina la dawa na kuona kama ipo. Kompyuta yangu ilikuwa na PHP 8, toleo la lugha ya programu ambayo tovuti hiyo iliandikwa kwayo, nami nikatumia str_contains, fanksheni iliyoletwa na toleo la 8.0 mnamo Novemba 2020, ambayo kazi yake ni kujibu tu kama neno fulani limo ndani ya maandishi mengine. Nilipopandisha mafaili kwenye seva ya kukodi, ukurasa ukawa mweupe mtupu. Kumbukumbu za makosa zilitaja sababu kwa mstari mmoja: fanksheni hiyo haijulikani. Seva ilikuwa ingali inaendesha PHP 7.4.

Njia ya zamani ni kutumia strpos, ambayo hurudisha nafasi ya neno ikianza kuhesabu kutoka sifuri. Hapo ndipo wengi wetu tumejikwaa, kwa sababu neno likiwa mwanzoni kabisa mwa maandishi jibu huwa 0, na ukilipima kwa ulinganisho legevu (==), usiojali aina ya thamani, PHP huichukua sifuri hiyo kuwa sawa na “hapana”. Sikutaka kuutawanya mtego huo katika mafaili yote, kwa hiyo niliandika str_contains yangu, kiraka cha mistari michache inayoita strpos na kulipima jibu kwa ulinganisho mkali (===), unaotofautisha sifuri na “hapana”. Niliizungushia sharti la function_exists ili isitangazwe pale ambapo lugha tayari inayo ya kwake; bila sharti hilo, siku ambayo seva ingepandishwa toleo, PHP ingekataa jina kutangazwa mara ya pili, na tovuti ingezimwa na msaada wangu mwenyewe.

Nilidhani nimemaliza. Kumbe mteja alipobonyeza kitufe bila kuandika chochote, kompyuta yangu ilionyesha dawa zote, ilhali seva haikuonyesha hata moja, na kumbukumbu zake zilijaa maonyo kwamba neno linalotafutwa ni tupu. Katika PHP 8 maandishi matupu huhesabiwa kuwa yamo ndani ya maandishi yoyote, kwa hiyo str_contains hujibu ndiyo. Strpos ya 7.4 hutoa onyo na kujibu hapana. Kiraka changu kilikuwa kimechukua jina la fanksheni mpya na tabia ya ile ya zamani. Tiba ilikuwa nusu mstari, yaani kuuliza kwanza kama neno ni tupu, lakini nusu mstari huo ndio uliokuwa kazi yenyewe.

Tangu hapo siandiki viraka vya aina hii kwa mkono ninapoweza kutumia vilivyokwisha kupimwa na wengi. Kifurushi cha symfony/polyfill-php80 kinayo fanksheni hii pamoja na ndugu zake str_starts_with na str_ends_with, na WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, nayo iliziingiza zote tatu tangu toleo la 5.9, kwa hiyo mwandishi wa programu-jalizi hana haja ya kujisumbua.

Si kila kipya kinawezekana kurudishwa nyuma namna hii. Fanksheni ni jina tu, na jina linaweza kuongezwa programu ikiwa tayari inaendeshwa. Lakini match, muundo wa kuchagua kati ya majibu kadhaa, au ile alama ya ?->, inayoangalia kama kitu kipo kabla ya kukitumia, zote za PHP 8, ni sehemu ya sarufi ya lugha, na PHP 7.4 hulikataa faili zima wakati wa kulisoma, kabla mstari wake wa kwanza haujatekelezwa. Hapo hakuna kiraka, ila kuandika upya msimbo kwa sarufi ya zamani, kwa mkono au kwa chombo cha kubadilisha msimbo kama Rector.

Kiraka hakileti pia marekebisho ya usalama, na toleo la 7.4 liliacha kuyapata mwishoni mwa Novemba 2022. Nilimweleza hivyo mwenye duka, naye akamwandikia mwenye seva. Baada ya miezi kadhaa seva ilipandishwa hadi 8.1 bila ukurasa wowote kuvunjika, na faili langu bado limo, likiuliza swali lake la function_exists kila ukurasa unapofunguliwa na kupita bila kutangaza chochote.