Pasaka ya Makaburini

Tulikuwa tunapalilia makaburi ya familia, Pasaka ikikaribia, mjukuu wangu akaniuliza: "Babu, hivi kwenda makaburini gizagiza si mambo ya mizimu?"

Nikaikumbuka Pasaka ile ya Rungwe, mkoani Mbeya, tulipopata mhubiri mgeni. Sisi Wamoravian, Wakristo wa Kiprotestanti, ibada ya Pasaka tunaianza kabla hakujapambazuka. Mchungaji anatangaza Bwana amefufuka, tunaitikia amefufuka kweli kweli, kisha msafara unaelekea makaburini, tarumbeta zikitangulia, ili jua litukute huko.

Mvua ilikuwa imekatika, baridi kali. Baridi hushusha sauti ya tarumbeta, na haizishushi sawasawa: ndogo hupata joto upesi, lile kubwa la besi huchelewa, na wimbo unaachana. Kwa hiyo wapigaji walitembea wakipuliza pumzi ndani bila kutoa mlio, na kila kituo wakamwaga maji, maana yakibaki mle sauti inakoroma.

Makaburini yakasomwa majina ya waliofariki tangu Pasaka iliyopita. Lilipotajwa la mzee mmoja, mjane wake akatoka kwenye mstari, akapiga magoti kwenye tope na kuweka kiganja juu ya udongo. Akaanza kumpa mumewe habari kwa Kinyakyusa, taratibu, kama mtu aliyerudi safari: ng'ombe amezaa, paa limeezekwa, kijana wa mwisho bado hajamaliza mahari. Hakuna aliyemkatiza. Alipoinuka, kina mama wakapiga vigelegele, ndipo tarumbeta zikaingia.

Mhubiri alichukia. Alisema ibada nzima ya makaburini ni upagani wetu tuliouvika kanzu.

Hapo alikosea, na linaniuma kila ninapolisikia. Ibada hiyo ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, vijana wa kiume walipopanda kilimani kwenye makaburi yao alfajiri ya Pasaka, wakaimba. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe 1891, na desturi hiyo ni ya kanisa lao, sawa na tarumbeta zenyewe. Vilivyotoka kwetu ni vigelegele, na yale mazungumzo ya mama yule.

Mjukuu nilimweleza habari za Herrnhut. Za yule mama sikujua nizieleze vipi. Liturujia yetu ya alfajiri inamwomba Mungu atudumishe katika ushirika na ndugu waliotangulia. Sioni mama yule alivuka mpaka gani, ila wako wachungaji ninaowaheshimu wanaosema aliuvuka.